Majedwali Mawili Hayakai Zizi Moja

Shangazi yangu ana tabia ya kuigusa simu yake mfukoni kila baada ya hatua kumi hivi. Haitoi, haisomi. Anaigusa tu, kama mtu anayehakikisha funguo bado zipo. Nilidhani ana mchumba. Baba aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa.

"Mchumba wake ni kompyuta," alisema. "Na ina wivu kuliko mwanamume yeyote."

Likizo iliyopita nilipelekwa kukaa kwake wiki mbili, na siku ya kwanza tu nikamwona huyo mchumba kwa macho yangu.

Shangazi anafanya kazi katika karakana ya kuchapa vitabu vya wasioona. Kama hujawahi kuona kitabu cha namna hiyo, ni karatasi nene zilizojaa vinundu, na kila herufi ina mpangilio wake wa vinundu hivyo. Maandishi yenyewe huitwa nukta nundu. Katikati ya karakana kuna mashine kubwa kama jokofu lililolazwa ubavu, na hiyo ndiyo inayotoboa. Ikianza kazi ni kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu huacha kuongea na kuanza kuonyeshana kwa mikono.

Lakini mchumba hakuwa ile mashine. Alikuwa kwenye kona, chini ya shuka la maua: kompyuta ya zamani iliyokuwa ikiiambia mashine nini cha kutoboa. Feni yake ilikuwa inakoroma, inanyamaza, halafu inakoroma tena. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USIZIME. USIGUSE. USIULIZE.

Nikauliza.

"Anaitwa Mgonjwa," shangazi alisema. "Hajazimwa miaka sita."

"Akizimwa?"

"Labda ataamka. Labda hataamka."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa mbele ya rundo la karatasi, vidole vyake vikitembea juu ya vinundu kama anapapasa kitambaa dukani, alicheka bila kuinua kichwa. "Mfagiaji wa hapa ana ruhusa ya kufagia mpaka mita moja kutoka kwa Mgonjwa," alisema. "Ndiyo maana kona hiyo ina vumbi la enzi za mababu. Karibu, mtoto wa kaka. Nimesikia hatua zako, una viatu vipya."

Huyo ndiye Msomaji. Hakuzaliwa na jina hilo, bila shaka, ila hakuna anayemwita vingine. Haoni tangu azaliwe, na kazi yake ni kusoma kila ukurasa kabla haujaenda shuleni ili kukamata makosa. Kompyuta yake humsomea kwa sauti yale yaliyo kwenye skrini, haraka sana, mimi sikuambulia hata neno siku ya kwanza. Yeye anaisikiliza huku anakunywa chai.

Wewe utajiuliza kama nilivyojiuliza: kwa nini wasinunue kompyuta mpya? Walinunua. Ilikuwa mezani, na plastiki yake bado, miezi mitano sasa. Shida ilikuwa kwamba programu za karakana zilikuwa zinakataa kuingia humo, na mtu pekee aliyeijua miiba yote ya Mgonjwa, viraka vyote alivyobandikwa kwa miaka sita, alikuwa shangazi. Hakuviandika popote. Kila Mgonjwa alipogoma, simu ilimlilia yeye. Miaka minne hakuchukua likizo hata siku tatu mfululizo. Babu alipozidiwa, shangazi alishafika kituo cha basi na begi lake, simu ikalia: mashine imesimama, mitihani ya darasa la saba haijachapwa. Akarudi. Alipomaliza na kupanda basi la siku iliyofuata, babu alizikwa yeye akiwa njiani.

Habari hiyo nyumbani haizungumzwi. Nilijua tu kwamba bibi sasa anaishi peke yake, na kwamba chuo cha ufundi kilichoko mji wa bibi kimempa shangazi nafasi ya kufundisha. Aripoti Jumatatu inayofuata. Asiporipoti, nafasi inakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Lililobaki lilikuwa barua moja ya kuruhusiwa kuondoka, na sahihi ya mkuu wa karakana.

Mkuu wa karakana wanamwita Mzee Kesho. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini.

"Mzee, barua yangu."

"Ipi tena?"

"Ya kuniruhusu. Niliiomba mwezi uliopita."

"Aa. Hiyo. Tuone kesho."

"Leo ni Jumatatu, Mzee. Kesho zimebaki nne."

Mzee Kesho alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akairudisha. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyeogopa siku nyingi mpaka woga ukawa utaratibu wa ofisi.

"Binti yangu, sikukatalii. Lakini wewe ukiondoka leo na Mgonjwa akakata roho kesho, nani atamfufua? Mimi? Niletee mtu mmoja, mmoja tu, aianzishe hiyo mpya kutoka sifuri, wewe ukiwa nje ya mlango. Hata Ijumaa. Karatasi ikitoka safi, nasaini palepale."

"Mtu gani? Humu tuko watano."

"Hilo sasa ni lako."

Kutoka kwenye kona ya karatasi, Msomaji akasema, "Mimi nipo. Au mnatafuta mtu mwenye macho?"

Basi ikawa yeye.

Jumanne nilikaa kwenye stuli nyuma ya shangazi na kuuliza maswali mpaka akaacha kugeuka kunijibu. Nitakueleza nilivyoelewa, maana bila hili huwezi kuelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukaa saa saba mbele ya skrini akirudia neno "hapana".

Waandika programu hawaandiki kila kitu wenyewe. Mtu akishaandika kazi fulani vizuri, anaifunga kama kifurushi na kukiweka pale wengine watakapokichukua. Kifurushi hicho wanakiita maktaba, sijui kwa nini, hakina hata rafu. Na yupo mtunza stoo, naye ni programu: unampa orodha ya maktaba unazotaka, anakwenda kukuletea. Shida ni kwamba kila maktaba inakuja na masharti yake. Hii inataka ile, na si ile tu, inataka toleo fulani la ile.

Karakana ilihitaji maktaba mbili. Ya kwanza shangazi aliiita Mkalimani: inageuza maneno kuwa alama za nukta nundu. Ya pili aliiita Nyundo: inaiendesha ile mashine kubwa. Zote mbili zilimtegemea wa tatu, Jedwali, ambalo ni orodha ya herufi ipi ni nukta zipi. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mkalimani alisema: nataka Jedwali, toleo la tatu au jipya zaidi. Nyundo akasema: nataka Jedwali, lakini lisifike la tatu. Na katika chumba kimoja cha programu mtunza stoo huweka Jedwali moja tu.

"Haiwezekani," mtunza stoo aliandika. Shangazi akabadilisha mpangilio wa orodha. Haiwezekani. Akaomba Mkalimani wa zamani, yule aliyekuwa ndani ya Mgonjwa. Huyo hakukubali kabisa kukaa kwenye kompyuta mpya. Akatafuta Nyundo mpya zaidi. Haikuwepo, aliyeiandika aliacha kuigusa miaka sita iliyopita. Shangazi alikuwa amemwandikia barua tatu, moja kila mwezi. Kimya.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," Msomaji alisema.

"Hawa hata si mafahali," shangazi alisema. "Ni majedwali. Nimefungwa na orodha ya alfabeti."

Kutoka dirishani kulionekana ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuugusa kwa ufagio. Shangazi aliutazama ukuta huo sana siku ile.

Jumatano akachoka kuwa mwema. Alifungua masharti ya Nyundo, akatafuta pale palipoandikwa "chini ya tatu", akafuta tatu, akaweka nne.

"Si kudanganya huko?" niliuliza.

"Ni kumwambia mtunza stoo kile anachotaka kusikia."

Na mtunza stoo akakubali. Kila kitu kikaingia. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Shangazi akaiinua kwenye mwanga, nukta zimejipanga kama askari, nzuri mno. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaiweka mbele ya Msomaji kama mtu anayeandaa keki.

Msomaji akapitisha vidole mstari wa kwanza. Akarudi. Akapitisha tena. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Nini?" shangazi akauliza.

"Hesabu ya darasa la tano hii? Basi mtoto ana machungwa qx, akala nusu ya mabano, yakabaki nani-ajuaye. Jibu: koma." Akacheka mpaka akafuta machozi, lakini alipogundua shangazi hacheki, akanyamaza. Akaitafuta mikono ya shangazi mezani, akaishika. "Pole, mwenzangu. Ila kwa macho ilikuwa nzuri, eh?"

"Kwa macho ilikuwa nzuri sana."

"Ndiyo tatizo la macho."

Kumbe Nyundo alikuwa na sababu. Kwenye toleo la tatu, Jedwali lilibadili mpangilio wa alama, na Nyundo wa zamani alikuwa akihesabu kwa mpangilio wa kale. Mtunza stoo hakuwa mkaidi. Alikuwa anamkinga Nyundo. Shangazi alirudisha ile tatu mahali pake, akakaa akiitazama. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na zaidi ya ile ya Msomaji hakupata nyingine.

Njiani kurudi nyumbani aligusa mfuko mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Anakaa vyumba viwili ghorofa ya tatu. Kwenye cha nyuma kulikuwa na begi lililokwisha fungwa, na sanduku la vyombo lililofungwa kwa kamba, na juu ya kamba ameweka sufuria moja anayoitumia bado. Bibi alipiga simu. Shangazi akamwambia, "Ndiyo, mama. Jumapili. Mungu akipenda." Alipokata, alikaa kitandani na viatu vyake.

"Hukumwambia," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa na koma?"

Alhamisi asubuhi Msomaji alikuja na swali. Alilileta hivyo hivyo, kabla hata ya kuvua koti.

"Hao wawili, kwani lazima wakae chumba kimoja?"

Shangazi alikuwa na kikombe mdomoni. Hakukishusha.

"Mimi na dada yangu," Msomaji akaendelea, akitafuta kiti chake kwa goti, "tulilala chumba kimoja tukigombana miaka tisa. Yeye taa, mimi redio. Taa hainisumbui, ila joto lake je? Redio yangu inamnyima usingizi. Mama alituombea, alitupigia kelele, alitufanya tushikane mikono. Wapi. Siku baba alipoweka ukuta wa mbao katikati, tukapendana. Tuliacha kidirisha tu cha kupitishiana vitu."

"Kidirisha," shangazi alisema.

"Kidirisha. Ananipa sabuni, nampa kanga yake."

Kikombe kikashuka. Nitakueleza wazo lilivyokuwa, maana lilinifanya nisimame. Mtunza stoo anakataza Majedwali mawili ndani ya chumba kimoja, lakini hakuna anayekukataza kujenga vyumba viwili ndani ya kompyuta hiyohiyo. Chumba cha kwanza: Mkalimani na Jedwali lake jipya. Chumba cha pili: Nyundo na Jedwali lake la zamani. Hawaonani. Siku zote Nyundo alikuwa anapewa alama na Mkalimani, azigeuze kuwa nukta mwenyewe kwa Jedwali lake. Sasa Mkalimani angezigeuza kwake, akaziweka kwenye faili, na Nyundo akapokea nukta zilizokwisha iva. Asihesabu chochote. Agonge tu.

"Na nukta ni nukta," shangazi alisema. "Nukta haina toleo."

Hadi saa tisa alasiri mashine ilikuwa imenguruma mara nne. Msomaji alisoma ukurasa wa nne mpaka mwisho bila kusema neno, na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja. "Mtoto ana machungwa kumi na mawili," alisema hatimaye. "Akala robo. Yakabaki tisa. Huyu sasa atafaulu."

Muda uliobaki shangazi alisoma hatua kwa sauti, moja moja, na Msomaji akazitoboa kwenye karatasi nene kwa kalamu yake ya chuma: tok, tok, tok. Maktaba zote kubwa na toleo lake kamili, ili mtunza stoo asichague mwenyewe. Miaka sita ya viraka ikaingia kwenye kurasa nne.

Ijumaa saa nne, Mzee Kesho aliifuta kompyuta mpya mbele yetu ikabaki tupu kama ilivyotoka dukani. Akavuta kiti karibu na Msomaji, aliyekuwa ameiunganisha na kompyuta yake ya sauti. Akamwonyesha shangazi mlango.

Kwenye korido kuna benchi la mbao na tangazo la zimamoto. Tulikaa hapo. Mlango ulibaki wazi kidogo, na ile sauti ya kompyuta ya Msomaji ilisikika wazi. Kwa siku tano nilikuwa nimezoea kasi yake, sasa niliweza kushika maneno. Chumba cha kwanza kimejengwa. Mkalimani ameingia. Jedwali limeingia. Shangazi alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya paja. Chumba cha pili kimejengwa.

Halafu sauti ikamwaga maneno mengi kwa pamoja, na neno la mwisho nililijua.

Haiwezekani.

Shangazi alikuwa ameshasimama. "Rula," alinong'ona. "Yarabi. Rula."

Rula ni kijimaktaba kidogo kinachopima upana wa karatasi. Hatukumwita mtunza stoo alete Rula; Nyundo ndiye anayekuja naye, kama mgeni anayekuja na mtoto. Shangazi alifungia matoleo ya wakubwa wote, mtoto akamsahau. Na asubuhi ileile, huko wanakoviweka vifurushi, Rula alikuwa ametolewa toleo jipya, nalo lilitaka Jedwali la tatu. Jana lilikuwa halipo. Ndiyo maana jana kila kitu kilikubali.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: andika Rula, toleo la jana. Angeweza kuusema kutoka pale aliposimama, pumzi moja, na mashine ingenguruma. Na Mzee Kesho angefunga faili lake, na Jumatatu ingemkuta shangazi pale pale, kwa sababu angekuwa amethibitisha kwa mdomo wake mwenyewe kwamba bila yeye hakuna kitu.

Alikaa. Akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia.

Ndani Mzee Kesho alisema, "Imekwama?"

"Inaongea," Msomaji alisema. "Mwache mtu aongee amalize."

Alipunguza kasi ya ile sauti mpaka ikawa inasema kama mzee aliyelewa. Akairudia tangu mwanzo. Akairudia tena. Kwenye benchi, shangazi alikuwa akitikisa kichwa polepole, midomo ikiumba neno moja bila sauti. Mfagiaji alipita na ndoo, akatuangalia, akasalimia. Nilihisi ile korido inapungua upana. Dakika kumi. Kumi na tano. Kiti cha Mzee Kesho kikalia, kama anayetaka kusimama.

"Labda tumwite," akasema. "Tutajaribu tena siku ny—"

"Mzee, kaa. Kuna mtoto hapa simjui." Vitufe vikagonga. "Nyundo kaja na mtoto anaitwa Rula. Huyu kwenye kurasa zangu hayupo. Ngoja nimuulize mtunza stoo ana matoleo mangapi ya huyu mtoto." Sauti ikasoma namba. "Eh. La mwisho limezaliwa leo asubuhi. Sisi jana tulimpata nani, basi? Nimpe aliyemtangulia."

Shangazi alifumba macho.

Ilikuwa kimya mpaka nikasikia feni ya Mgonjwa kule kwenye kona. Kisha mvua ya mawe ikaanguka juu ya bati.

Hatukuingia mpaka tulipoitwa. Msomaji alisoma ukurasa wote bila haraka, akasema, "Safi," kisha akachukua kalamu yake ya chuma na kutoboa mstari mpya kwenye maelekezo, mstari wa Rula. Mzee Kesho alikuwa ameshika kalamu juu ya barua. Haikushuka.

"Sasa nauliza tu," alisema. "Na huyu naye akiondoka?"

Nilimtazama shangazi, na nikaona ameganda. Ni kweli alikuwa anatoka, lakini mlango ulikuwa unatafuta mtu mwingine wa kumfungia.

Msomaji hakuganda. Alifungua mtoto wa meza na kutoa bahasha. "Nilijua utauliza. Nimetoboa nakala mbili. Hii ni yako, Mzee. Kila Jumatano saa nane nitakufundisha kuisoma. Herufi tano kwa wiki, si nyingi."

"Mimi? Mimi nina macho."

"Hilo halikuzuii."

Mzee Kesho aliipokea bahasha kama watu wanavyopokea mtoto mchanga asiye wao. Halafu, labda kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umebaki na kalamu na haukujua pa kwenda, akasaini.

Shangazi alikwenda kwenye kona, akalitoa shuka la maua, akalikunja mara nne. Akaweka kidole kwenye kitufe cha Mgonjwa. Aliondoa kidole, akakirudisha. Feni ikakoroma mara ya mwisho, ikaacha, na sote tukasubiri ianze tena.

Jumapili tulifika kwa bibi. Alimshika shangazi mashavu, akamwambia amekonda, akamwambia akae. Alikaa. Jumatatu akaripoti chuoni. Mimi nilikuwa na wiki moja ya likizo imebaki, nikawa namsindikiza asubuhi, na kila baada ya hatua kumi hivi mkono ulikwenda mfukoni.

"Haijalia, shangazi."

"Najua."

Hatua kumi. Mkono.

Alhamisi ikalia kweli. Tulikuwa getini. Alipoona jina, nikaona anatazama upande wa kituo cha basi. Akapokea. Ilikuwa sauti ya Msomaji, na nyuma yake mvua ya mawe.

"Imesimama?" shangazi aliuliza.

"Nini? Siyo. Ni huyu Mzee. Jana nilimfundisha herufi tano, leo zimebaki mbili. Anauliza kama mtihani unaweza kusogezwa mpaka kesho."